Maro, Boma Lako Limefika Migosi

Mpendwa Maro,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa ingawa hunioni. Ni mazoea tu. Mwili wangu bado haujakubali kwamba umeondoka, na kila nikikutaja shingo inainama yenyewe, kama ilivyokuwa ikiinama ulipopita uani kule kwako Nyakach na mimi nimeketi kwa shemeji zangu nikisubiri chai.

Kwa wale watakaoisoma barua hii na si watu wa huku kwetu, maro ni mama mkwe. Tena si mama mkwe wa kutaniana naye. Kwetu Wajaluo, mume wa binti yako ni mtu unayempenda kutoka mbali. Hampeani mikono, hamkai kwenye viti vinavyotazamana, hamlali chini ya paa moja. Ukiwa na neno naye unamwambia mke wake, naye mke anamwambia, hata kama nyote watatu mko uwanja mmoja na kila kitu kinasikika. Vijana wa siku hizi wanayacheka mambo haya. Mimi na wewe tuliyashika mpaka mwisho, na sijuti. Nilikuheshimu mpaka nikashindwa kujua hata unakunywa chai na sukari kiasi gani.

Nakuandikia kwa sababu limetokea jambo hapa nyumbani ambalo bado linanisisimua nikilifikiria, na mtu wa kwanza anayestahili kulisikia ni wewe.

Lazima kwanza nikueleze yaliyofuata baada ya sisi kukuzika. Ziwa lilipanda. Halikuja na kelele wala dhoruba. Lilikuja taratibu, kama mgeni anayeomba kukaa kidogo tu, halafu ukiamka unakuta amelala kitandani kwako. Lilianzia shamba la chini, likaingia kwenye mahindi, likafika kwenye ghala. Shemeji zangu wakang'oa mabati, wakapakia vitu kwenye mkokoteni, wakahamia upande wa Awasi ambako nchi imeinuka. Walibeba vyote vinavyobebeka. Kaburi lako halibebeki. Tukienda leo tunasimama mbali, mahali njia inapozama, na mbele yetu ni mafunjo na magugumaji na ndege weupe. Akoth, binti yako, alienda mara moja akakataa kurudi. Alisema hawezi kuyalilia maji.

Sasa siku moja anakaanga omena, wale dagaa wa ziwani, jikoni kwetu hapa Migosi, Kisumu, mimi niko mezani nachambua mchele, ghafla akazima moto akageuka.

"Baba Atieno," akaniita, "mlango ya jikoni ya Mama ilikuwa inaangalia wapi?"

"Ziwani," nikasema.

"Uko sure?"

Maro, ningekuwaje na uhakika? Mkwe anajua nini kuhusu jikoni la mama mkwe wake? Kule sikuruhusiwa hata kunusa. Nikamwambia ukweli kwamba nimekisia. Akawapigia simu kaka zake. Mkubwa akasema mlango uliangalia ziwani, mdogo akasema la, uliangalia ua wa minyaa, wakaanza kubishana wao kwa wao mpaka simu ikakatika. Akoth akakaa kwenye kigoda mikono ikiwa mapajani.

"Mimi nimezaliwa hiyo nyumba," akasema. "Nimepika hiyo jikoni. Kama nimesahau mlango, mwaka kesho nitakuwa nimesahau nini?"

Unamjua binti yako. Ni muuguzi, si mtu wa kulialia. Amepokea watoto wa watu na kufunga macho ya watu na akarudi nyumbani akauliza kama tumekula. Lakini kuanzia siku hiyo nilimwona akiwa na hofu. Alikuwa akisimama katikati ya kufua, akichora kwa kidole juu ya karai, hapa nyumba kubwa, hapa ghala, hapa zizi, halafu kidole kikifika jikoni kinasita. Yaani boma lilikuwa linazama mara ya pili, safari hii ndani ya kichwa chake, na mimi mumewe nimekaa kando nikitazama.

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile picha.

Bila shaka unaikumbuka ile ndege yangu ndogo ya kamera, isiyo na rubani. Mimi ni mpima ardhi, na wakati ule nilikuwa najifunza kazi mpya, kupiga mahali picha nyingi kutoka kila upande kisha kuiachia kompyuta ishone picha zote ziwe kitu kimoja, kitu unachoweza kukizunguka kwenye skrini na kukitazama juu, chini na ubavuni kana kwamba umekishika mkononi. Nilihitaji mahali pa kujifunzia. Nikamtuma Akoth aje akuombe ruhusa, nami nimesimama pale pale karibu na minyaa nasikia kila neno. Jibu lako nimelihifadhi.

"Mwambie apige," ulisema. "Lakini choo asipige."

Choo sikukipiga, Maro. Nilikizunguka kwa heshima zote. Mengine yote niliyapiga, ndege ikivuma juu ya boma kama nyuki mkubwa, kuku wakikimbilia chini ya ghala, watoto wakiifuata huku na huku na kupiga kelele. Macho yangu yalikuwa kwenye ramani ya simu ninayoiongozea. Upande wa jikoni sikuangalia kabisa, kwa sababu nilijua wewe uko upande huo.

Nilipofika nyumbani kompyuta yangu ikashindwa. Ilitafuna zile picha kidogo, ikasema haina nguvu, ikalala. Nikaziweka. Halafu ukaugua, halafu ukatuacha, halafu maji. Sikuwahi kuzipitia mojamoja. Nani angekuwa na moyo?

Kompyuta yenyewe unaijua pia. Umeigusa kwa mikono yako. Ni ile niliyoiunda mwenyewe sebuleni, kipande kimoja mwezi huu na kingine mwezi ule, kasha jeusi refu kama kabati la viatu. Ulikuja na akina mama wa kijiji kutuletea vikapu kama desturi inavyotaka, mkakaa sebuleni, mimi nikakimbilia kwa jirani mpaka muondoke. Akoth aliniambia baadaye kwamba ulilitazama lile kasha kwa huruma sana.

"Hii redio ya bwanako iko uchi," ulisema.

Ukatoa kikapuni kitambaa ulichokifuma kwa sindano yako ya kufumia, cha uzi mnene wa chungwa na mweupe, kimejaa maua, ukalivika lile kasha kama unavyomvika mtoto kofia. Kikalifunika juu kote, kikashuka nyuma na ubavuni. Tangu siku ile kompyuta yangu haikukaa uchi tena. Wageni walikuwa wakicheka, nami nilikuwa nikiwajibu kwamba hiyo ni zawadi ya maro, na mwenye kucheka acheke kwake.

Basi nikaamua kutafuta kadi mpya ya grafiki. Nikueleze ilivyo. Ndani ya kompyuta kuna sehemu ya kufikiri na kuna sehemu ya kuchora, na hiyo ya kuchora ukiipatia kadi yake yenyewe, yenye feni zake, inachora mambo ambayo hata mafundi wake hawaachi kuyashangaa. Niliipokea ikiwa imefungwa kama yai. Ilikuwa ndefu kuanzia kiwiko changu mpaka kwenye vidole, nzito, na ilinukia upya. Nilimwonyesha Akoth. Nikamwambia, kwa ujinga wa mwanamume anayetaka kupendeza, "Jioni hii utaiona jikoni ya Mama."

Akavua aproni akavuta kiti.

Maro, jioni ile hatukuona hata kijiti. Niliondoa kitambaa chako kwa mikono miwili, nikakikunja, nikakiweka kwenye kochi. Nikafungua kasha, nikasafisha vumbi na wale wadudu wa ziwani, sam, ambao unajua wakija Kisumu wanaingia mpaka kwenye sufuria. Walikuwa wamekauka mle ndani, konzi nzima. Nikaipachika kadi mpaka ikalia tak. Nikafunga, nikarudisha kitambaa, nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi tii. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Nikampigia Ouma, rafiki yangu tuliyesoma naye, mwenye duka la kutengeneza kompyuta upande wa Obunga.

"Omera, waya ya skrini umeichomeka wapi?" akauliza.

"Pale pale ya kila siku."

Alicheka mpaka nikalitenga sikio na simu. Kumbe kadi mpya ina tundu lake yenyewe la skrini, na mimi bado nilikuwa nimechomeka kwenye tundu la zamani, kama mtu aliyeoa akaendelea kwenda kula kwa mama yake. Nikahamisha waya. Picha ikaja, safi, ang'avu. Akoth akapiga makofi. Nikaziita zile picha za boma, nikaiambia programu ianze kushona.

Ikaanza. Feni zikanguruma kama kinu cha posho. Baada ya muda, kwenye skrini ile tupu kikatokea kitu kama mtama uliomwagwa, punje punje za kijivu, zikasogeleana, zikawa mstari, na Akoth akasimama kutoka kwenye kiti akanyoosha kidole. "Hiyo ni mabati," akasema. "Hiyo ni ile mabati ya pembeni, yenye kutu."

Kompyuta ikazimika.

Sitaki kukuchosha kwa yote niliyojaribu. Nilifikiri ni nyaya za umeme za kadi hazijakaza, nikazikaza. Nilifikiri ni stima ya Migosi, maana unajua inavyopanda na kushuka kama mlevi, nikaazima kifaa cha kuituliza. Nilihamisha meza nzima mpaka chumba cha kulala, kwenye soketi nyingine, nikaapa kwamba ile ya sebuleni ni mbovu. Kila mara hadithi ikawa ile ile. Inawaka, inanguruma, mtama unamwagika, ukingo wa bati unatokea, giza. Nilianza kuamini kuna kitu hakitaki tuone.

Nikaipeleka kwa Ouma. Akaiweka mezani dukani kwake, akaifanyisha kazi kutwa nzima, michezo ya vita, filamu, kila kizito alichokuwa nacho. Haikutingishika. Aliponirudishia alikuwa ananitazama kama mgonjwa.

"Mashine iko fiti," akasema. "Shida ni kwenu. Kwani mnaishi na nini hapo?"

Nikairudisha nyumbani kwa tumaini jipya. Nikaiweka mahali pake, nikaichomeka, nikaivalisha kitambaa chako, nikawasha. Ikafika kwenye lile bati lenye kutu na ikafa.

Msomaji mwerevu ameshajua. Mimi, mtu wa kupima ardhi za watu kwa vyombo vya thamani, sikujua. Niliketi pale nikiitazama. Akoth naye aliitazama ile skrini nyeusi, na uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku tuliposimama mbele ya mafunjo.

"Wacha tu," akasema. "Maji imechukua, imechukua."

Akaenda kulala mchana, yeye ambaye halali mchana. Nakwambia ukweli, Maro, siku hiyo niliichukia ile kadi, na nilijichukia mimi niliyemtoa mtu kwenye uvumilivu wake na kumpa matumaini nisiyoweza kuyatimiza.

Yalipita majuma kadhaa. Jumapili moja tumetoka kanisani, nguo nzuri bado mwilini, nikajaribu tena bila kumwambia. Nilitegemea nini? Sijui. Nilikuwa tu siwezi kuiacha. Akoth akapita nyuma yangu kwenda kuweka Biblia rafuni, na akipita akaweka kiganja juu ya kitambaa chako, hivi hivi, kama anavyogusa paji la uso la mtoto wodini bila hata kufikiri. Akasimama.

"Baba Atieno. Hii kitu iko na homa."

"Ni kazi inafanya," nikasema.

"Hapana. Hii ni homa mbaya." Akaingiza vidole chini ya uzi. "Yawa! Umeifunika blanketi na inaungua!"

"Ni ya Maro," nikamwambia. "Aliifunika mwenyewe."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu mzima, nimevaa tai. Na ndipo ikanijia kwamba katika siku zote zile nilizohangaika nayo, sikuwahi hata mara moja kuiwasha ikiwa uchi. Niliikaza waya, nikabadilisha soketi, nikamlaumu mgawaji umeme, lakini kila mara kabla ya kugusa kitufe niliivalisha kitambaa chako kwa adabu, nikazinyoosha pembe zake, nikaziba matundu yote ya juu na ya nyuma ambayo joto lilitakiwa kutokea. Dukani kwa Ouma haikuwa na kitambaa. Ile kompyuta ya zamani ilivumilia kwa sababu haikuwa na kazi nzito. Hii mpya ilikuwa inafukuta kwa heshima zangu mpaka inazimia.

Akoth akacheka. Alicheka akashika meza. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tulipokuzika, kile kinachoanzia tumboni, na nadhani kilikuwa kicheko chako. Kisha, bado anacheka, machozi yakaanza.

"Mama alifunika redio," akasema. "Angejua ni jiko, angeifunika?"

Akakitoa kitambaa mwenyewe. Nilitaka kumzuia, Mungu anisamehe, mkono wangu ulinyanyuka kabisa. Kabla ya siku ile hakuwa amegusa kitu chako chochote tangu mazishi. Leso zako ziko kwenye sanduku na funguo amenipa mimi. Akakishika kile kitambaa chenye joto, akakiweka usoni, akakaa nacho hivyo. Halafu akavuta kiti, akakilaza mapajani, akaniambia, "Washa."

Nikawasha ikiwa uchi. Hewa moto ikapanda juu kama pumzi ya ng'ombe. Mtama ukamwagika. Bati lenye kutu likaja, nasi tukashikana mikono, na bati likapita, Maro, likaja la pili na la tatu, na kompyuta haikuzimika.

Sasa sijui nikuambieje yaliyofuata. Nimepima mashamba maishani mwangu, nimeona ramani, nimezizoea. Lakini hili lilinishinda. Ilichukua alasiri yote. Punje zikawa ukuta. Ukuta ukapata rangi yake, ile ya udongo mwekundu uliokuwa ukiupaka na akina mama wenzako kabla ya Krismasi, na alama za viganja vyenu zikaonekana, zimepangana. Ghala likasimama juu ya miguu yake. Ua wa minyaa ukachipuka pande zote kana kwamba unakua mbele yetu. Hata mti wa kufungia ndama, umechubuliwa na kamba. Ziwa lilikuwa kule chini mbali, mahali pake pa haki, limetulia kama halijawahi kumkosea mtu. Boma lililolala chini ya maji na magugu, hata mwenye mtumbwi hawezi tena kukuonyesha lilipokuwa, lilikuwa limesimama kavu kwenye skrini sebuleni Migosi, na jua la siku ile bado linaliwakia. Nilisikia nywele za mikono zikinisimama. Nikasema "Nyasaye" kwa sauti, na haikuwa mazoea. Nilikuwa nalitaja jina la Mungu kwa sababu sikuwa na neno lingine la ukubwa ule.

Akoth akachukua kipanya. Nilimfundisha mara moja jinsi ya kuzunguka, akajua. Akaingia kutoka lango kama mtu anayerudi nyumbani, akapita ghala upande wa kushoto, akapita nyumba kubwa. Alikuwa anapumua kwa kinywa. Akalizunguka jikoni.

Mlango haukuangalia ziwa. Wala haukuangalia minyaa.

"Njia!" akasema. "Ilikuwa inaangalia njia!" Akapiga paja. "Baba Atieno, ndio maana! Ndio maana kila nikitoka shule, sijafika hata kwa lango, nasikia ameshaniita jina. Nilikuwa nafikiria anajua tu. Alikuwa ananiona. Alikuwa anapika akiangalia njia."

Akalia, mimi pia nikalia, na sioni aibu kukuambia. Kilio hicho kilikuwa kimesubiri mahali pa kuangukia.

Nilimweleza kwamba vinavyotembea havishoniki. Kompyuta inataka kitu kitulie ili kionekane kutoka kila upande. Kuku walikuwa wamegeuka michirizi ya rangi ardhini. Mbuzi mmoja alikuwa na miguu ya nyuma tu, Akoth akamcheka. Watoto wote waliokuwa wakikimbiza ndege yangu hawakuwepo, hata mmoja, boma lilikuwa tupu na kimya kama saa za ibada. Akasema ni sawa, boma linatosha. Akageuza kidogo, apate kuona ubavu wa jikoni, pale ulipokuwa ukianika vyungu.

Kulikuwa na mtu amesimama.

Nisikilize vizuri, Maro, kwa sababu nadhani hukuambiwa. Siku ile, ulipoona ndege yangu inapanda, ulitoka, ukajifunga leso vizuri, ukasimama kupigwa picha. Ulisimama kama ulivyofundishwa utotoni mwako kusimama mbele ya kamera, miguu pamoja, mikono ubavuni, bila kutikisika. Ndege ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Watoto wakakimbia, kuku wakakimbia, na wewe ukasimama, kwa sababu picha haijaisha mpaka mpiga picha aseme imeisha. Na mimi sikusema. Sikujua umesimama. Nilikuwa nimeugeuzia mgongo upande wako wote, kwa heshima. Hakuna aliyekuambia nimemaliza. Ulisimama mpaka nikashusha ndege, nikaikunja, nikaiweka kwenye begi.

Ndiyo maana kompyuta ikakushona. Katika boma zima, wa pekee mwenye pumzi aliyetoka mzima ni wewe.

Niliruka kutoka kwenye kiti mpaka kikaanguka. Miguu yangu ilijua la kufanya kabla yangu. Nilikuwa nje barazani, nimeupa mlango mgongo, kama kijana aliyeenda kwa wakwe mara ya kwanza. Jirani aliyekuwa anaanua nguo aliniuliza kama kuna nyoka. Nikamwambia kuna mgeni.

Kisha nikamsikia Akoth ndani anazungumza. Hakuwa akizungumza na mimi. Alizungumza Kijaluo, polepole, kama mtu anayeketi kwenye mkeka baada ya safari ndefu na hana haraka ya kumaliza habari. Alikwambia kuhusu Atieno kuingia sekondari. Alikwambia kuhusu mguu wake uliomsumbua. Alikulaumu kidogo kwamba uliondoka akiwa zamu ya hospitali. Mengine sikuyasikia kwa sababu nilitembea mpaka kwenye lango, nikasimama huko, nikawaachia nafasi. Si kila neno la mama na binti ni la mkwe.

Baada ya muda akaniita.

"Baba Atieno! Kuja umsalimie Mama."

"Nimesalimia kutoka hapa," nikajibu.

"Anakuona vibaya, wewe. Kuja."

Nikaenda. Nilisimama mlangoni, nikafunga kifungo cha koti, nikainamisha kichwa kuielekea ile kompyuta iliyo uchi, nikasema, "Misawa, Maro." Akoth akanijibu kwa niaba yako, kama ilivyokuwa desturi yetu sote watatu, kwamba umesikia na umefurahi.

Sasa nitakwambia lililonifanya nikae na kalamu hii mezani, na baada ya hapo nitakuacha upumzike. Nilipokuwa nimeinama pale, niliinua macho. Mara moja tu, Maro. Unisamehe. Upande mmoja wa uso wako haukumalizika, ulikuwa kama chungu ambacho mfinyanzi amekiacha aende kuteka maji. Lakini upande mwingine ulikuwa umekamilika, shavu na jicho na mistari yote iliyoshuka mpaka shingoni, na kidevu kimeinuliwa kidogo kwa ajili ya picha. Nilitazama huo, halafu nikamtazama aliyekaa mbele yake na kitambaa mapajani, mwenye shavu lile lile na jicho lile lile.

Nimemwona Akoth akiwa mzee. Ni watu wangapi hupewa hilo? Nimeona atakavyokuwa siku ambayo pengine mimi sitakuwepo kumtazama, na alikuwa mzuri, na alikuwa amesimama wima.

Picha imeisha, Maro. Nenda ukapumzike sasa. Ahsante kwa kusimama.

Kwa heshima isiyopungua,

Mkweo,
Baba Atieno